Kidonge Kisichoachwa: Tezi za Adrenali na Homoni Wakati wa Ujauzito

"Daktari, dawa hizi hazitamdhuru mtoto?" Swali hili husikika kila siku katika kliniki za wajawazito, na mama ana haki ya kuliuliza. Aliyefundishwa kuogopa vidonge visivyoandikwa na mtaalamu amefundishwa vyema, kwani dawa nyingi zinazomezwa kiholela katika miezi mitatu ya kwanza hazimfai, na baadhi humdhuru mtoto. Lipo hata hivyo kundi dogo la akina mama ambao hofu hiyo huweza kuwaua. Hao ni wale ambao tezi zao za adrenali hazifanyi kazi, na ambao huishi kwa homoni wanayoimeza kila siku. Kwa mama wa aina hii, kidonge cha haidrokotisoni au prednisoloni hushika nafasi ya kitu ambacho mwili wa kila mtu hujitengenezea usiku na mchana. Akikiacha, mwili wake hauna akiba ya kukimbilia.

Tezi za adrenali ni mbili. Zimekaa juu ya figo mithili ya kofia, na kwa mtu mzima kila moja ina uzito wa gramu nne hadi tano tu. Humo hutengenezwa kortisoli, homoni inayoshikilia sukari na shinikizo la damu hasa mwili unapokabiliwa na homa, jeraha au njaa. Na aldosteroni, inayoziamuru figo zibakize chumvi na kutoa potasiamu. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, alichapisha maelezo ya wagonjwa waliodhoofika polepole huku ngozi zao zikizidi weusi, na ambao baada ya kufa tezi zao zilikutwa zimeharibika. Baadhi yao tezi hizo zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Katika nchi tajiri leo, sababu kubwa ya ugonjwa wa Addison ni kinga ya mwili kuishambulia tezi. Kwetu kifua kikuu hakijaondoka katika orodha, na maambukizi yanayoandamana na virusi vya UKIMWI yamo pia.

Kabla ya kortisoni kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1940, mwanamke mwenye ugonjwa huu aliyeshika mimba alikuwa katika hatari kubwa ya kufa, hususan wakati wa kujifungua na siku chache baadaye. Leo mwanamke huyo huyo, akitumia dawa zake ipasavyo na akihudumiwa na watu wanaoujua ugonjwa wake, anaweza kubeba mimba, kujifungua na kunyonyesha. Umbali uliopo kati ya hali hizo mbili unategemea dawa chache za bei isiyo kubwa na maarifa ya kuzitumia.

Kondo la nyuma na mlinzi wake

Kwa nini homoni hii haimdhuru mtoto? Jibu limo katika kondo la nyuma. Humo kuna kimeng'enya kinachobadili kortisoli ya mama kuwa kortisoni, ambayo haina nguvu, kabla haijamfikia mtoto. Haidrokotisoni ni kortisoli yenyewe kwa jina la dukani, kwa hiyo nayo hupokelewa vivyo hivyo mlangoni. Prednisoloni pia huzuiwa kwa kiasi kikubwa, hata kinachofika katika damu ya mtoto huwa takriban sehemu moja ya kumi ya kilichomo katika damu ya mama. Ndiyo maana haidrokotisoni hupewa nafasi ya kwanza katika ujauzito, na prednisoloni hufuata pale ambapo vidonge vya haidrokotisoni havipatikani. Nasema hivyo nikijua kwamba katika maduka mengi ya dawa ya ukanda wetu havipatikani, ingawa vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Deksamethasoni ni habari nyingine. Kimeng'enya hicho hakiiwezi. Hupita kondo na kumfikia mtoto ikiwa na nguvu karibu zote. Kwa sababu hiyo haifai kuwa dawa ya kila siku ya mjamzito mwenye upungufu wa kortisoli. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo inayoifanya iwe mkombozi wa mtoto anayetarajiwa kuzaliwa njiti. Sindano nne za miligramu 6, moja kila baada ya saa 12, hukomaza mapafu yake. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika India, Bangladesh, Kenya, Nigeria na Pakistani, ulithibitisha kuwa dawa hiyo hupunguza vifo vya watoto wachanga wanaozaliwa kabla ya wakati. Mama aliyeambiwa leo kwamba deksamethasoni haifai, na kesho akachomwa sindano hizo, ana haki ya kushangaa, na ni wajibu wetu kumweleza kwamba shabaha ya sindano zile ni mapafu ya mtoto wake.

Kipimo cha dawa kwa mtu mzima huwa miligramu 15 hadi 25 za haidrokotisoni kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu, fungu kubwa likimezwa mara tu anapoamka, kama mwili wenyewe ufanyavyo. Anayetumia prednisoloni badala yake huhitaji kwa kawaida miligramu 3 hadi 5. Mwenye ugonjwa wa tezi yenyewe huongezewa fludrokotisoni kwa ajili ya chumvi. Mimba inapoingia, wengi huendelea na kipimo kile kile. Tangu wiki ya 24 hivi, na hasa katika miezi mitatu ya mwisho, baadhi huhitaji nyongeza ya asilimia 20 hadi 40. Uamuzi huu haufanywi kwa karatasi peke yake. Mama hupimwa shinikizo la damu akiwa amelala na kisha akisimama, huulizwa kama anapata kizunguzungu au anatamani chumvi kupita kiasi, na damu yake huangaliwa sodiamu na potasiamu. Kipimo cha renini, ambacho humsaidia daktari nje ya ujauzito, hupotosha hapa kwa kuwa renini hupanda kwa kila mjamzito. Iwapo shinikizo litapanda na dalili za kifafa cha mimba zikajitokeza, fludrokotisoni hupunguzwa au kusimamishwa. Haidrokotisoni haisimamishwi.

Kutapika

Ningeombwa nitaje kipindi kimoja cha kuogopwa zaidi nyumbani, ningetaja wiki za mwanzo za kutapika. Mjamzito mwingine akitapika siku nzima hupungukiwa na maji. Huyu hutapika uhai wake pamoja na kidonge. Bila kortisoli shinikizo linashuka, sukari inashuka, kutapika kunazidi, na kidonge kinachofuata nacho hakikai tumboni. Hali hii tunaiita dharura ya adrenali, na huweza kumfikisha mtu katika kuzirai ndani ya saa chache.

Kanuni ambayo mama, mume au mama mkwe anapaswa kuijua ni hii: kidonge kikitapikwa ndani ya nusu saa, kimezwe kingine. Hicho nacho kikitoka, asingoje cha tatu. Achomwe sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 kwenye msuli wa paja na apelekwe hospitali hata kama anajisikia nafuu baada ya sindano. Kichupa hicho ni kile kile kinachotumika kwa wagonjwa wa pumu katika vituo vingi vya afya, na mwanafamilia anaweza kufundishwa kukichanganya na kuchoma. Wapo wanaosema ni hatari kumwachia mtu asiye muuguzi sindano nyumbani. Mimi naona hatari kubwa zaidi ni safari ya saa tatu kwa bodaboda bila sindano hiyo.

Homa pia ina kanuni yake. Joto likipita nyuzi 38, kipimo cha siku huongezwa mara mbili. Likipita 39, mara tatu, hadi homa ishuke, kwa kawaida siku mbili au tatu, kisha mama hurudi katika kipimo chake. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo na nimonia vyote vinaingia hapa. Vyote hutibiwa kwa dawa zake, na nyongeza ya homoni huenda sambamba na tiba hiyo. Kuongeza dozi kwa siku chache hakumdhuru mtoto. Kosa linalomdhuru ni kuacha mama yake apoteze shinikizo la damu.

Mhudumu wa afya atamtambuaje mgonjwa ambaye bado hajajulikana? Hapa ujauzito ni mjanja. Uchovu, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na hata weusi wa ngozi ni mambo ya kila mjamzito. Lakini weusi wa ujauzito hukaa usoni, kwenye chuchu na katika mstari wa tumbo. Weusi wa Addison hutafutwa kwenye fizi, ndani ya mashavu, katika mikunjo ya viganja na juu ya makovu mapya, na kwa ngozi zetu nyeusi njia nzuri ni kumwuliza mama kama ndugu zake wamemwambia amebadilika, au kumlinganisha na picha yake ya zamani. Kichefuchefu kinachoendelea baada ya mwezi wa nne, kupungua uzito badala ya kuongezeka, shinikizo la chini lisilopanda kwa dripu, sukari ya chini bila sababu na sodiamu ya chini ni dalili zinazodai swali.

Kipimo cha maabara nacho kinahitaji jicho la mtu anayejua. Katika ujauzito protini inayoibeba kortisoli huongezeka, na kiwango chote cha homoni hiyo katika damu hupanda hadi mara mbili au tatu. Matokeo yanayoonekana "ya kawaida" kwa viwango vilivyochapishwa kwenye fomu yanaweza kuwa ya chini kwa mjamzito. Panapopatikana kipimo cha kuichochea tezi kwa sindano, kilele kinachopendekezwa ni takriban nanomoli 700 kwa lita katika miezi mitatu ya kwanza, 800 katika ya pili na 900 katika ya mwisho. Hata hivyo, mgonjwa aliyezidiwa hatibiwi kwa kusubiri majibu. Chukua damu, mpe haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa au msuli, mtundikie lita moja ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ndani ya saa ya kwanza, mpe glukosi kama sukari imeshuka, kisha endelea na miligramu 50 kila baada ya saa sita. Ikibainika baadaye kwamba hakuwa na upungufu, dozi chache hizo hazitakuwa zimemdhuru.

Wasiojijua

Wenye ugonjwa wa Addison ni wachache. Wengi zaidi ni wale ambao tezi zao zimelazwa usingizi na dawa. Mtu akimeza prednisoloni miligramu 5 au zaidi kwa siku kwa muda wa wiki nne au zaidi, ubongo huona homoni imejaa katika damu na kuacha kuiamuru tezi. Akiacha ghafla, tezi haiamki siku hiyo. Inaweza kuchukua miezi. Mama mwenye pumu kali, lupasi, baridi yabisi au ugonjwa wa figo yumo katika kundi hili, na mara nyingi ndiye anayeziacha dawa zake mwenyewe siku kipimo cha mimba kinapoonyesha mistari miwili.

Nyuma ya huyo yuko mwingine ambaye hajui kabisa kwamba anatumia homoni. Mkorogo wa kung'arisha ngozi mara nyingi huwa na klobetasoli, dawa yenye nguvu kubwa ambayo, ikipakwa mwili mzima kwa miezi, hupenya hadi kwenye damu na kuilaza tezi kama kidonge kifanyavyo. Vidonge vya kunenepa vinavyouzwa bila boksi, viwili viwili katika kifuko cha nailoni, aghalabu ni deksamethasoni. Unga wa maumivu ya viungo usio na lebo, unaosifiwa kuwa ni mitishamba mitupu, umewahi kukutwa katika nchi mbalimbali ukiwa umechanganywa na dawa hizi hizi. Mama akishika mimba huacha vyote kwa nia njema, na wiki mbili baadaye analetwa akiwa hoi, na anatibiwa malaria ambayo hana.

Swali la "unatumia dawa gani?" halitoi jibu hapa, kwa sababu yeye hahesabu krimu kuwa dawa. Nimeona wakunga wenye busara wakiuliza kwa namna nyingine: "Mama, unapaka nini ngozini? Kuna kitu ulikuwa unatumia ukakiacha ulipojua una mimba?" Swali huulizwa faraghani, mume na mawifi wakiwa nje, na bila kukunja uso. Mama anayehisi anahukumiwa atasema hapaki kitu, na anayejua kwamba tunauliza ili kumkinga siku ya uchungu atatoa kopo kwenye mkoba.

Kuna pia bidhaa mpya mjini, zinazouzwa kama virutubisho vya "kusaidia tezi za adrenali zilizochoka". Uchovu wa adrenali kwa maana hiyo si ugonjwa unaotambuliwa na wataalamu wa homoni. Baadhi ya bidhaa hizo hutengenezwa kwa tezi za wanyama zilizosagwa, na huweza kuwa na homoni zisizotajwa kwenye lebo. Nyingine zina mzizi wa likorisi, ule mtamu ambao Waarabu huuita irk-sus. Mzizi huo hukizuia kimeng'enya kile kile kinachomlinda mtoto kwenye kondo, na papo hapo humpandishia mama shinikizo na kumshushia potasiamu. Kinachodaiwa kuisaidia tezi hufungua mlango ambao mwili ulikuwa umeufunga. Mjamzito asitumie bidhaa hizi. Mwenye upungufu wa kweli anahitaji dawa yenye kipimo kinachojulikana.

Wanaohudumia kifua kikuu na UKIMWI wana la kuangalia zaidi. Rifampisini hulifanya ini liimalize kortisoli upesi, hivyo mgonjwa aliyekuwa akitosheka na kipimo chake huweza kuingia katika dharura siku chache baada ya kuanza dawa za kifua kikuu, na huenda kipimo kikahitaji kuongezwa hata maradufu. Ritonaviri hufanya kinyume. Mama anayeitumia pamoja na dawa ya kuvuta ya pumu kama flutikasoni hurundika homoni mwilini, hunenepa uso, na tezi yake hulala.

Siku ya uchungu

Tezi zenye afya huongeza kortisoli zenyewe wakati wa uchungu. Kwa mama wetu kazi hiyo hufanywa na muuguzi. Uchungu unapokuwa umeshika kasi, apewe haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa au msuli, kisha miligramu 200 kwa saa 24 zinazofuata, ama kwa dripu isiyokatika, ama miligramu 50 kwenye msuli kila baada ya saa sita hadi ajifungue. Akienda kwenye upasuaji, miligramu 100 hutolewa ganzi au usingizi unapoanza, na mpangilio unaofuata ni huo huo. Hayo yanamhusu pia aliyekuwa akitumia prednisoloni miligramu 5 au zaidi kwa wiki nne au zaidi. Kwa aliyetumia mkorogo mwili mzima, nachagua kumpa kuliko kumnyima. Baada ya kujifungua, kipimo cha kumeza huwa maradufu kwa saa 48, kisha hurudi kile cha kabla ya ujauzito.

Yote haya hayana maana kama hayajaandikwa. Mama hafiki leba na daktari wake. Anafika na kadi ya kliniki, mara nyingi usiku, mara nyingi kwa zamu ambayo haijawahi kumwona. Ningependa kadi hiyo iandikwe kwa wino mwekundu, ukurasa wa mbele: ana upungufu wa kortisoli, asiachishwe dawa, achomwe haidrokotisoni miligramu 100 akianza uchungu, akitapika au akizirai. Kichupa chenyewe kiwe ndani ya begi la kujifungulia pamoja na khanga na pamba, kwa sababu kituo kinaweza kuwa kimeishiwa. Na mpango wa mahali pa kujifungulia ufanywe mapema. Nyumbani si mahali pake, na kituo kisicho na dripu wala njia ya rufaa hakitoshi.

Kunyonyesha hakuzuiwi. Haidrokotisoni na prednisoloni katika vipimo hivi huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo mno kisichomwathiri mtoto.

Inabaki hali moja ambayo huanzia pale pale leba. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo inayoziamuru tezi nyingine. Harold Sheehan alieleza jambo hili mwaka 1937, na katika nchi ambako kuvuja damu bado ni chanzo kikubwa cha vifo vya uzazi, ugonjwa unaobeba jina lake haujawa historia. Dalili ya kwanza ni maziwa kutotoka. Kisha hedhi hairudi, nywele za kwapani na za sehemu za siri zinapukutika, mama anachoka na kusikia baridi, na pengine anaambiwa na jirani kwamba amerogwa au amekuwa mvivu. Miaka inaweza kupita. Mama aliyeongezewa damu baada ya kujifungua na ambaye hakupata maziwa apelekwe kupimwa kortisoli na homoni za thairoidi. Ikionekana kwamba zote mbili zimepungua, haidrokotisoni hutangulia siku kadhaa kabla ya tairoksini, kwa kuwa tairoksini ikianzishwa peke yake huharakisha matumizi ya kortisoli kidogo iliyobaki na kumtumbukiza mama katika ile dharura ya adrenali.